Kabla ya Kujenga Zahanati Nyingine, Tuulizeni Kwanza

Swali la haraka kabla hujapita: tangu mwaka uanze, kuna mtu amebisha mlango wenu akauliza watu wa hiyo nyumba wanaumwa na nini? Sisemi wale wa kuomba kura. Sisemi wale wa kuuza sabuni. Nasema mtu aliyekuja kuuliza nani anakohoa, nani ana mimba, mtoto gani hajachanjwa, maji mnatoa wapi, na usiku mtu akizidiwa mnafanyaje.

Kama jibu ni ndiyo, una bahati, na huko chini nitakwambia huyo mtu ni nani na kwa nini unafaa kumpa chai. Kama jibu ni hapana, basi jua hivi: mahali fulani mjini kuna karatasi inayosema mtaa wenu unahitaji nini kiafya. Ina bajeti, ina muhuri, na hakuna aliyewauliza.

Mimi ni kijana wa Garissa. Si daktari, si muuguzi, digrii pia sina. Nilikuwa chuo, nikatoka mwaka wa pili, ule wakati mvua ilikataa misimu mitano mfululizo na ng'ombe waliokuwa wanalipa karo wakaisha mmoja mmoja. Sasa napiga video: harusi, matangazo ya maduka, na hizi posti zangu za kulalamika ambazo mnazijua. Kwa hivyo usingoje lugha ya profesa. Lakini kamera imenifunza kitu kimoja: angalia nani yuko kwenye picha, halafu angalia nani amekatwa nje.

DAKIKA ZA MAIKROFONI

Mwaka jana niliitwa kupiga video ya mkutano wa maoni ya wananchi. Wadi siitaji, ofisi iliyoandaa pia siitaji. Kulikuwa na hema, viti vya plastiki, maji ya chupa, na bango limechapishwa safi kabisa. Mada ilikuwa afya: wananchi waseme mahitaji yao ili yaingie kwenye mpango. Wazee waliketi mbele. Kina mama nyuma, upande wa jua. Vijana tulikuwa wawili, mimi na jamaa wa spika.

Karibu kila aliyeshika maikrofoni aliomba kitu kimoja: zahanati. Huyu zahanati, yule zahanati, na ambaye tayari anayo akaomba ijengewe ukuta. Naelewa. Jengo linaonekana. Lina rangi, lina siku ya kufunguliwa, lina jiwe lenye jina la mheshimiwa. Hujawahi kuona mtu akikata utepe kwa sababu dawa za presha zimefika kwa wakati.

Karibu na mwisho mama mmoja akasimama kule nyuma. Nitamwita Eddo tu, vile sisi humwita shangazi yeyote wa rika la baba. Alisema maneno machache, na nimeyasikiliza mara nyingi nikikata hiyo video: "Zahanati tunayo. Inafungwa saa kumi. Sisi tunazaa usiku. Nani aliwaambia watoto huja mchana?" Watu wakacheka. Msimamizi akamshukuru, akasema swala imekaribia, maikrofoni ikarudi mbele.

Nyumbani nilikaa na ile video nikaanza kupima. Kazi yangu ni hiyo, kila sauti naiona kama mstari kwenye skrini. Wazee na viongozi: zaidi ya saa moja na nusu. Kina mama wote pamoja: hawakufika dakika nne. Vijana: sifuri. Watu wenye ulemavu: sifuri, na hata hiyo njia ya kuingia hemani kiti cha magurudumu hakingepita kwa mchanga. Halafu ripoti ikatoka ikisema wananchi walipendekeza zahanati. Yaani kila neno hapo ni kweli, na bado mtaa haumo.

Kupanga afya ya mtaa kwa kumsikiliza mwenye maikrofoni peke yake ni kama kupima homa ya mgonjwa kwa kugusa paji la uso la jirani yake. Unaweza kupata jibu. Litakuwa jibu la mtu mwingine.

Na huku kwetu jibu la mtu mwingine linaua. Baada ya sensa ya 2019, takwimu za serikali zilionyesha kwamba kitaifa, kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa wakiwa hai, kina mama 355 hufariki kwa sababu za uzazi. Garissa walikuwa 641. Sasa rudi usome alichosema Eddo, uniambie kama bado kinachekesha.

HIYO KARATASI INA KALENDA

Watu wengi wa rika letu hudhani mambo ya afya hupangwa Nairobi. Hapana. Tangu ugatuzi uanze 2013, zahanati, vituo vya afya, hospitali za kaunti, ambulensi na afya ya msingi ni kazi ya kaunti. Iko kwenye Katiba ya 2010, Jedwali la Nne. Wizara kule Nairobi inabaki na sera na hospitali kubwa za rufaa za kitaifa. Kwa hivyo ukiona ambulensi haina mafuta, usipige kelele upande wa Nairobi. Geuza shingo, ofisi iko hapa mjini.

Kaunti nayo haifanyi kitu bila karatasi. Karatasi mama inaitwa CIDP, mpango wa maendeleo wa miaka mitano. Ya sasa ni ya 2023 hadi 2027. Kutoka hiyo, kila mwaka unatolewa mpango mdogo ambao unafaa kufika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Halafu kufikia tarehe 28 Februari kunakuja karatasi ya mkakati wa fedha, ile inayosema afya itapata kiasi gani, barabara kiasi gani, maji kiasi gani. Kufikia tarehe 30 Aprili makadirio ya bajeti yanapelekwa bungeni. Tarehe 1 Julai mwaka mpya wa pesa unaanza.

Kwa nini nakusumbua na tarehe? Kwa sababu sisi hukasirika Julai. Julai ndiyo utaona vijana wameandika posti za moto, picha ya zahanati imefungwa kufuli, emoji za kulia. Wakati huo pesa zimegawanywa kitambo. Ni kama kufika harusini siku ya kurudisha masufuria. Ukitaka wali, njoo mapema.

HESABU YENYEWE NI VITA

Sasa, ukishafika mapema, utaulizwa: ninyi ni wangapi? Hapo ndipo Kaskazini Mashariki huingia kwa shida yake ya kipekee.

Agosti 2010 serikali ilipotangaza matokeo ya sensa ya 2009, ilifuta ya wilaya nane za kaskazini. Lagdera, ambayo iko kaunti yetu, ilikuwemo, pamoja na Wajir Mashariki, wilaya tatu za Mandera na tatu za Turkana. Walisema idadi imepanda kupita kawaida. Wenyeji wakasema tumehesabiwa mara ya kwanza vizuri halafu mnatufuta. Watu wakaenda mahakamani. Sensa ya 2019 ikaipa kaunti ya Garissa watu 841,353, na mabishano hayajaisha mpaka leo.

Wanasiasa hupigania hizo nambari kwa sababu viti na pesa hufuata watu. Sawa. Lakini kuna mtu mwingine anazitegemea na hana wakili: muuguzi wa zahanati. Idadi ya watoto anaotarajiwa kuchanja kwa mwaka hukadiriwa kutoka hiyo sensa. Sensa ikipunguza watu, chanjo zinakuja chache na muuguzi anaonekana shujaa kwenye karatasi huku watoto wanarudi nyumbani bila sindano. Sensa ikizidisha, anaonekana mvivu. Pale katikati kuna familia iliyohama na ngamia wiki mbili kabla ya timu kufika, na haimo kwenye hesabu yoyote.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulisema watoto wanane kati ya kumi nchini wamepata chanjo zote za msingi. Garissa tulikuwa mkiani katika kaunti zote 47. Mtu akisoma hiyo haraka atasema watu wa huko hawataki chanjo. Wengine kweli wana wasiwasi, siwezi kudanganya. Lakini umeuliza kwanza? Kuna mama ambaye zahanati iko kilomita hamsini kutoka malishoni. Kuna aliyefika akaambiwa friji imeharibika. Kuna ambaye kadi ilibebwa na maji ya mafuriko ya Novemba 2023. Hizo ni shida tatu tofauti na dawa zake ni tatu tofauti. Tangazo la redio linalosema "mchanjeni mtoto wako" halitibu hata moja.

Na hii haiishii kwetu. Mwaka 2013 polio ilirudi Kenya kupitia Dadaab, watu 14 wakapatikana nayo. Mwaka 2023 virusi vya polio vikapatikana tena, kambini Hagadera. Virusi haviulizi kama wewe ni mkimbizi, mwenyeji au mgeni wa Nairobi aliyekuja harusi. Mtoto ambaye hakuhesabiwa ni mlango umeachwa wazi kwa wote.

WAFUGAJI WALIJUA KWANZA

Mtu akikuambia wananchi hawana ujuzi wa kuchangia mambo ya afya, mpe hii.

Mwisho wa 2006 mvua kubwa ilinyesha Garissa, maji yakatuama kila mahali. Mbu wakajaa. Kuna aina ya mbu ambao mayai yao hulala kwenye udongo mkavu miaka na miaka, na mengine tayari yana virusi ndani. Maji yakifika, wanaangua. Ng'ombe, kondoo na mbuzi wakaanza kutupa mimba. Desemba ikathibitishwa kuwa Homa ya Bonde la Ufa. Kufikia katikati ya 2007, Kenya ilikuwa imepoteza zaidi ya watu 150.

Watafiti waliokuja baadaye kuongea na wafugaji walikuta nini? Wafugaji Wasomali walikuwa na jina lao la ule ugonjwa, sandik, kwa sababu ya damu inayotoka puani mwa mnyama. Walieleza dalili zake kwa usahihi. Walikuwa wameunganisha mvua isiyo ya kawaida, mbu wa ajabu na mimba kutoka, kabla timu za serikali hazijafika na sindano. Walikuwa wameshaiona 1997 na 1998 wakati wa mvua za El Niño.

Fikiria hiyo. Mzee mwenye fimbo na kikoi alikuwa na tahadhari ya mapema. Kilichokosekana ni mtu wa kumpigia simu, na fomu yenye nafasi ya kuandika "mbuzi wangu saba wametupa mimba wiki hii". Mpango mzuri wa afya huku kwetu lazima uwe na sikio upande wa mifugo. Daktari wa watu na daktari wa wanyama wakikaa ofisi mbili ambazo hazisalimiani, ugonjwa unapita katikati yao kama pikipiki kwenye foleni.

KUNA KIJIJI KINAITWA DERTU

Labda sasa unafikiria: basi tutafute mfadhili mkubwa, aje na wataalamu, amalize mambo. Hilo tulijaribiwa, na ni hapa hapa.

Dertu iko ndani ya kaunti yetu. Watu walianza kutulia pale baada ya kisima kuchimbwa 1997, na kutoka katikati ya miaka ya 2000 kikawa kimojawapo cha Vijiji vya Milenia, ule mradi wa mwanauchumi Jeffrey Sachs wa kuonyesha dunia kwamba ukimwaga huduma zote kwa pamoja, umaskini unatoka. Kulikuwa na pesa, nia nzuri, na Wasomali wenyewe kwenye timu ya kazi. Mambo mengine yalisaidia watu kweli. Lakini soko la mifugo lilijengwa likakosa wateja, kwa sababu wafugaji walikuwa na soko lao la Garissa, na mfugaji hubadilisha soko kwa sababu zake, si kwa sababu umejenga ua. Mwandishi Nina Munk alifuatilia mradi huo kwa miaka, akatoa kitabu 2013, The Idealist. Humo utaona wakazi wa Dertu wakilalamika kwamba mambo yaliamuliwa juu yakashushwa kwao.

Sitaji Dertu kucheka mtu. Nataja kwa sababu hata pesa zikiwepo, lile swali la kwanza halirukwi. Ukianza na jibu, utatumia miaka kumi ukitafuta watu wenye hiyo shida.

MAMA WA BEGI

Sasa yule mtu wa kupewa chai.

Anaitwa mhudumu wa afya ya jamii, wengi huwaita CHP. Septemba 2023 serikali ilizindua kikosi cha kama laki moja nchi nzima, kila mmoja apewe karibu nyumba mia. Wana begi lenye mashine ya presha, kipimo cha sukari, mizani, kipimajoto, utepe wa kupima mkono wa mtoto kujua kama ana utapiamlo, na simu ya kuingiza habari. Posho yao ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu, nusu kutoka kaunti. Elfu tano. Kuna watu huilipa hiyo kwa kiatu kimoja.

Wetu ni mama jirani, anatembea na begi lake jua likiwaka. Alipofika kwetu, ayeeyo, yaani nyanya yangu, alimwambia yeye hana ugonjwa, ana "jua kichwani" tu. Kila siku kichwa kinauma, anajifunga kitambaa, analala. Mama wa begi akampima. Presha ilikuwa zaidi ya 190. Akapima mara ya pili akidhani mashine ina shida. Ayeeyo ana zaidi ya miaka sabini na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kupimwa presha. Amezaa watoto tisa, amepita ukame na mafuriko, ameonana na wapiga kampeni wa kila uchaguzi. Hakuna aliyewahi kumfunga ule mkanda mkononi.

Sasa anakunywa dawa. Shida ni kwamba zahanati hizo dawa huisha, tunanunua kwa duka la dawa, na mwezi pesa zikikosekana anakata vidonge nusu ili vifike. Nikamuuliza muuguzi kwa nini huwa zinaisha. Akanijibu kwa upole: oda hutegemea wagonjwa walioandikishwa. Walioandikishwa ni wachache. Yaani kina ayeeyo wote wenye "jua kichwani" mtaani kwetu hawako kwenye kitabu, kwa hivyo dawa zao haziagizwi. Mpaka hapo nilikuwa naona takwimu kama kitu cha mtihani. Siku hiyo niliona kidonge kilichokatwa nusu.

TULICHOFANYA MTAANI

Tuko marafiki watano, wasichana wawili na wavulana watatu. Tulimwendea mama wa begi, tukamwambia tunataka kumsaidia kuhesabu. Akacheka, halafu akatupa masharti, na ni masharti mazuri kuliko semina yoyote niliyowahi kurekodi.

Moja, mwambieni mzee wa mtaa kwanza, msionekane wapelelezi. Mbili, maswali ya uzazi yaulizwe na wasichana, na wavulana wakae nje. Tatu, msiandike jina la mgonjwa popote. Andikeni nambari ya nyumba, daftari libaki kwake. Nne, na hii aliisema akiniangalia mimi, kamera ibaki nyumbani. Ugonjwa wa mtu si kontenti. Hiyo pia ni sheria, tangu 2019 Kenya ina sheria ya kulinda habari za mtu, na habari za afya ziko kwenye zile nyeti zaidi.

Tulizunguka jioni tatu baada ya alasiri. Nyumba arobaini tu, huo si utafiti wa chuo. Tuliuliza mambo manne: nani mgonjwa wa muda mrefu, watoto wamechanjwa, maji mnatoa wapi, na aliyejifungua miaka miwili iliyopita alijifungulia wapi na kwa nini.

Kina mama sita walikuwa wamejifungulia nyumbani. Hakuna hata mmoja aliyesema zahanati iko mbali. Wanne walisema ilikuwa usiku na tuktuk hazikupatikana, na hata zingepatikana zahanati ingekuwa imefungwa. Wawili walisema hawakutaka kuhudumiwa na mwanamume. Sasa linganisha na ripoti ya ule mkutano. Tungejengewa zahanati ya pili, nayo ifungwe saa kumi, na hao kina mama sita wote wangejifungulia hapo hapo walipojifungulia.

Mama wa begi alitupeleka kwenye siku ya mazungumzo. Ndiyo, ipo, hata kama hujawahi kuisikia: mpango wa afya ya jamii unasema kila miezi mitatu watu wa kitengo wakutane, waangalie ubao wenye hesabu za eneo lao, wakubaliane la kufanya. Tukaweka mambo yetu ubaoni. Hakuna hotuba. Halafu tukagawanya kwa mafungu matatu: tunayoweza kufanya wenyewe wiki hii, ya zahanati, na ya bajeti ya kaunti.

La wiki hii lilikuwa tuktuk. Madereva saba wa stendi yetu walikubali kupokezana usiku, simu zikae wazi. Nambari zikabandikwa mlangoni mwa zahanati na kutumwa kwenye WhatsApp ya mtaa. Gharama yake ilikuwa karatasi na gundi. Saa nane ya usiku mmoja, mama mmoja alipelekwa hospitali kuu na mojawapo ya hizo tuktuk, akarudi na mtoto wa kike. Dereva mpaka leo anaringa kama yeye ndiye aliyezaa.

La zahanati lilikuwa kuandikisha wenye presha na sukari. Mama wa begi anawapeleka, muuguzi anawaandika, oda inapanda pole pole. Dawa bado huisha, lakini si kila mwezi kama zamani.

La bajeti ni muuguzi wa usiku, awe mwanamke, na chumba cha yeye kulala. Tuliandika ukurasa mmoja: shida ni hii, inagusa watu hawa, tumejaribu hivi, tunaomba hivi, na ombi letu tukaliunganisha na sehemu ya CIDP inayozungumzia afya ya mama na mtoto. Ni shida ukipeleka kilio, watakupa pole. Ukipeleka ukurasa wenye hesabu na sehemu ya mpango wao wenyewe, inabidi waupigie muhuri.

SASA WEWE

Najua unachotaka kusema. Kwa nini tufanye kazi ambayo watu wanalipwa kufanya? Swali zuri, hata mimi hunikera. Lakini angalia: Katiba, kifungu cha 43, inakupa haki ya kiwango cha juu cha afya kinachowezekana. Haki hiyo haina miguu. Huko Alma-Ata 1978 nchi za dunia ziliandika kwamba watu wana haki na pia wajibu wa kushiriki kupanga afya yao. Wajibu huo ukiuacha, mtu mwingine ataufanya kwa niaba yako, na ataomba zahanati yenye ukuta.

Pia usifikiri kuhesabu kunachukua nafasi ya serikali. Sisi watano hatuwezi kununua friji ya chanjo. Hatuwezi kuajiri muuguzi. Tunachoweza ni kuhakikisha hakuna mtu ofisini atakayesema hakujua.

Basi, uko Bulla Iftin, uko Masalani, uko Modogashe, au uko South C na nyumbani ni Wajir. Mtafute mhudumu wa afya wa mtaa wenu wiki hii, muulize siku ya mazungumzo ni lini. Omba CIDP ya kaunti yako, usome sehemu ya afya tu, haitamaliza bando lako. Pima ayeeyo wako presha. Na kabla Februari iishe, peleka ukurasa mmoja.

Wetu tulipeleka. Una muhuri wa kupokelewa na tarehe, jibu bado halijaja. Siku ya kusikiliza maoni ya bajeti nitakuwa pale, safari hii hakuna aliyenilipa, na Eddo ameahidi kuja na kina mama wa mtaa wake. Tumekubaliana kufika saa moja kabla ya wengine. Viti vya mbele havina majina.